Mzigo wa Kwanza Ulikuwa Mdogo

Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, mwezi Juni 1857 kwenda kutafuta maziwa makuu, hakuwa mtu wa kuwasifia Waafrika. Kitabu chake cha mwaka 1860 kimejaa dharau, na msomaji wa leo hukishika kwa ncha za vidole. Lakini alikuwa na jicho la kuona mambo madogo. Katika kurasa zake kuhusu Wanyamwezi anaeleza kwamba kwao safari ya kubeba mzigo hadi pwani ilikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hamu hiyo ilianza mapema sana: watoto wa miaka 6 au 7 walionekana wakitembea na kipembe kidogo cha tembo begani.

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kuliko lolote lingine katika kitabu chake. Burton aliliona kama kioja cha njiani. Mimi naliona kama mpango. Mtu fulani, baba au mjomba, alichagua pembe ya ukubwa ule kwa bega la ukubwa ule, akijua kwamba mwaka utakaofuata ataongeza.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu wapagazi wa njia ya kati, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Nilihamia Bagamoyo mwaka huu nikiwa na maswali ya kawaida ya mwanahistoria: walilipwa nini, waliajiriwa na nani, waligoma lini. Swali la mwili lilinijia kutoka nyumbani. Baba yangu ni mkulima wa mananasi Kiwangwa, kwenye barabara ya kwenda Msata. Akiwa na miaka 58 alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, na mtu aliyezoea kubeba matenga ya mananasi kutoka shambani hadi barabarani akawa hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa. Mwezi uleule nami nilipimwa presha, ikasoma 148 kwa 95. Nina miaka 27. Daktari aliniambia nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nirudi kupima.

Kufanya mazoezi ni neno rahisi kulitamka. Lakini mazoezi yapi, mangapi, siku zipi, na lini mtu apumzike? Sina hela ya kulipia gym, na nyumba ninayopanga ina ua wa mchanga, mnazi mmoja na ngazi 3 za mlangoni. Ningetumia mwili wangu mwenyewe, basi. Kwenye simu kuna mipango chungu nzima ya aina hiyo: siku 30, pushapu 100, picha ya mtu kabla na baada. Mingi huanza na idadi, kana kwamba miili yote ililala vizuri jana. Mchana nilikuwa nasoma habari za watu waliotembea kutoka Tabora hadi baharini na mizigo mabegani, jioni natazama mipango ile. Nikaanza kujiuliza wapagazi wenyewe wangepanga vipi.

Tuanze na mzigo. Kwa kawaida mpagazi alibeba frasila 2 hivi. Frasila 1 ni takriban kilo 16, kwa hiyo tunazungumzia kilo 32, yaani theluthi mbili ya mfuko wa saruji. Juu ya hapo aliongeza vitu vyake: mkeka, chakula, chungu au silaha. Wanyamwezi walibeba zaidi begani, watu wa pwani walibeba kichwani. Mzigo mzito kupita kiasi ulifungwa kwenye mti ukabebwa na watu 2. Uzito huo ulikuwa desturi, na desturi ilikuwa na walinzi wake. Tajiri wa msafara aliyejaribu kuongeza uzito alikuta watu wameketi chini, au asubuhi ameamka na mizigo isiyo na wabebaji. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi na heshima ya kazi yao, na kwamba kugoma na kutoroka zilikuwa njia zao za kujadiliana. Anaonyesha pia kwamba wanawake walikuwamo katika misafara hiyo, wakitembea umbali uleule. Nililipigia mstari hilo.

Halafu mwendo. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akiwa mbele, na kwa kawaida mizigo ilitulizwa chini kabla jua halijawa kali. Mchana na jioni vilikuwa vya kupika, kushona, kulala na kupiga soga. Safari ya Burton kutoka Kaole hadi Kazeh, ambayo leo ni Tabora, ilichukua siku 134. Ukigawa umbali kwa siku hizo unapata hatua chache sana kwa siku, na wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira kuhusu ucheleweshaji huo. Ni kweli ugonjwa, mvua na mabishano ya hongo vilichukua sehemu kubwa ya muda. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ni mapumziko, na wapagazi waliyadai mapumziko hayo kama walivyodai posho.

Kulikuwa na siku ngumu pia, na zilikuwa na jina lake: terekeza. Mahali ambapo maji yalikuwa mbali, kama katika nyika ya Marenga Mkali, kati ya Mpwapwa na Ugogo, msafara haukuondoka alfajiri. Watu walikula, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakatembea hadi jioni, wakalala pasipo maji, na kabla ya mapambazuko wakaendelea hadi kwenye kisima kilichofuata. Hapo kila kanuni ya kawaida ilivunjwa kwa makusudi. Ila terekeza haikuwa ya kila siku. Kabla yake watu walipumzika, na baada yake walipumzika tena. Na mwaka mzima nao ulikuwa na mwendo wake: Wanyamwezi wengi waliteremka pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwao kulima mvua zilipokaribia.

Sitaki kuupamba wakati ule. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo ambao hakuna aliyewauliza kuhusu mzigo wala pumziko, na mji huu uliwauza. Wapagazi wenyewe walikufa kwa ndui, njaa na vita. Ninachosema ni kimoja tu: pale ambapo mbeba mzigo alikuwa na sauti, sauti hiyo ilisema mambo manne, na yanajirudia katika nyaraka nyingi. Uzito usizidi. Posho itoke. Siku ya kupumzika iheshimiwe. Siku ngumu iwe na sababu.

Kilichotokea sauti hiyo iliponyamazishwa, tunakijua. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikawa inakufa. Vita Kuu ikaifufua kwa sura nyingine. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi isiyo na barabara za kutosha, na majeshi yao yalibebwa na watu. Bagamoyo ilitekwa na Waingereza tarehe 15 Agosti 1916, Dar es Salaam wiki chache baadaye, kisha vita vikahamia kusini, kwenye mabonde ya Rufiji na mvua zake. Kikosi cha Waingereza cha wabebaji kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vyetu viliugeuza ukawa Kariakoo, na kila anayekwenda kununua nguo au simu katika soko lile anataja jina la kikosi hicho.

Wengi wa watu hao walichukuliwa kwa nguvu. Mzigo ulipangwa na ofisi, mwendo ulipangwa na vita, na chakula mara nyingi kilikuwa unga au mchele ambao matumbo yao hayakuuzoea, ukipikwa haraka na kuni mbichi. Takwimu rasmi za upande wa Waingereza peke yake zinataja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi iliipita hiyo kwa mbali. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Uzito waliobeba, kwenye karatasi, haukuwa mkubwa kuliko frasila 2 za babu zao. Kilichoondolewa kilikuwa yale mengine matatu, pamoja na haki ya kuketi chini na kusema hapana.

Ingekuwa utovu wa adabu kulinganisha makaburi yale na misuli yangu inayouma baada ya pushapu. Silinganishi. Nachukua swali tu: katika mpango wowote wa mwili, nani anaamua mzigo, na nani anaamua pumziko?

Baada ya reli na vita, Bagamoyo ikabaki mji mdogo wa wavuvi, watengeneza chumvi na magofu. Mazoezi ya mwili yalirudi hapa kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alitembelea China na nchi zetu zikatia saini mkataba wa urafiki. Tunaukumbuka urafiki huo kwa TAZARA na kiwanda cha nguo cha Urafiki, lakini ulileta pia sarakasi. Katikati ya miaka ya 1960 kundi la vijana wa Kitanzania lilipelekwa China kujifunza, na waliporudi, mwaka 1969, kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa. Vikundi vya sanaa vya taifa vilipovunjwa, kazi ya kufundisha ikahamia Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa.

Katika sarakasi ya Kichina mafunzo husimama juu ya misingi minne: kiuno, miguu, kupinduka, na kusimama kwa mikono. Hakuna vyuma. Mzigo ni mwili wenyewe. Hapo ndipo linapotokea tatizo ambalo mpagazi hakuwa nalo. Mtoto wa Kinyamwezi aliweza kupewa pembe ndogo, lakini anayebeba mwili wake hawezi kuacha nusu yake nyumbani. Kwa hiyo kinachopunguzwa ni pembe nyingine, ile ya hesabu. Ukisimama na kuusukuma ukuta, mikono yako inabeba sehemu ndogo tu ya uzito wako. Weka mikono kwenye ngazi, inabeba zaidi. Shuka sakafuni, zaidi tena. Inua miguu juu ya kigoda, na mwishowe simama kwa mikono, hapo mwili wote uko juu ya viganja. Tendo ni moja, pembe ndiyo inayobadilika.

Jioni kadhaa nilikaa ufukweni kuwatazama vijana wanaofanya sarakasi. Watalii hupiga picha pale mnara wa watu unapokamilika. Mimi nilipendezwa na nusu saa ya kwanza, ambayo hakuna anayeipiga picha: kuzungusha viganja, kunyoosha mapaja, kuruka kichura taratibu, kusimama kwa mikono huku miguu imeegemea ukuta wa zamani, kushuka, kupumzika, kurudia. Mtoto mgeni katika kundi hakuruhusiwa kupinduka kabisa. Alikuwa akijifunza kuanguka kwenye mchanga. Kijana anayewafundisha, nilipomuuliza mtoto huyo atapinduka lini, alinijibu: "Dada, akishaacha kuogopa mchanga."

Kwa hiyo nikakaa na daftari na kupanga. Siku 3 kwa wiki, alfajiri, kabla mama mwenye nyumba hajaanza kufagia ua: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Matendo manne. Kusukuma, nikianzia kwenye ngazi. Kuvuta, kwa kitenge kilichosokotwa na kuzungushwa kwenye mnazi, nikijilaza nyuma na kujivuta hadi kifua kikaribie shina. Kuchuchumaa na kusimama. Na planki, kuegemea viwiko mwili ukiwa umenyooka, sekunde 20. Kila tendo mara 8, raundi 3, bila kubana pumzi, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha. Nikifika mara 12 kwa utulivu, nabadilisha pembe na kurudi 8. Kila wiki ya nne napunguza nusu. Siku nyingine natembea, kutoka forodhani kupita magofu ya mjini hadi njia ya Kaole na kurudi, nikikusanya zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini kwa mtu mzima. Mara moja kwa mwezi nina terekeza yangu: natembea hadi Kaole kwenyewe na kurudi, kilomita 10 hivi, na kesho yake sifanyi kitu.

Huo ulikuwa mpango wangu. Wa baba ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu baba hakutaka mpango. Alitaka shamba. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa amempa zoezi moja: kuinuka kwenye kiti na kuketi, mara 5, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Baba aliliona ni tusi. Mtu mzima, mwenye ekari zake, kuhesabiwa kuketi! Wiki ya pili aliondoka mwenyewe na fimbo kwenda shambani. Jirani mwenye bodaboda alimkuta ameketi kando ya njia, mguu umekataa, akamrudisha nyumbani. Siku 3 hakutaka kuinuka kabisa.

Nilikwenda Kiwangwa Ijumaa hiyo. Sikuwa na hotuba. Nilimweleza tu ninachosoma, kama ninavyomweleza siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kupenda habari za zamani. Nikamweleza kuhusu frasila 2, kuhusu terekeza, kuhusu matajiri waliokuta watu wameketi chini, akacheka. Nikamweleza kuhusu watoto na pembe ndogo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mama, pembe yangu mimi ni ipi?"

Tukaitafuta pamoja. Kiti chake kilikuwa kifupi mno, tukakiwekea mto juu yake, mapaja yakapata nafuu, naye akainuka bila kushikwa. Hiyo ikawa pembe ya kwanza. Mto ukiondolewa itakuwa ya pili, kiti kifupi zaidi ya tatu. Mtaalamu alipoulizwa alikubali, mradi meza iwe mbele yake ya kushika na mtu awe karibu. Siku ya kupumzika baba aliichagua mwenyewe: Ijumaa, ili nguvu zake zote ziende msikitini. Terekeza pia aliichagua. Jumapili moja kwa mwezi, hatua kwa hatua, hadi mwembe ulio karibu na barabara, na kiti kinatangulia kumsubiri chini ya kivuli. Nilipotaka kuandika mara 6 kwa wiki iliyofuata, alinichukua kalamu kwa mkono wa kulia, akafuta, akaandika 5. Alisema mguu ni wake.

Sasa tuko wiki ya tisa. Presha yangu mara ya mwisho ilisoma 136 kwa 88, na daktari anataka kuendelea kuiangalia. Baba anainuka mara 8, mto umeshaondolewa. Mkono wa kushoto bado ni mzito, na mananasi ya msimu huu yalivunwa na binamu yangu. Shamba liko nyuma ya mwembe, umbali wa mara tatu hivi, na baba analiona kutoka pale anapoketi. Katika daftari, kwa mwandiko wake unaoyumba, kurasa za wiki ya kumi zimeandikwa hivi: Jumatatu mara 8. Jumanne mara 8. Jumatano mara 8. Alhamisi mara 9, kama mguu utakubali. Ijumaa, hapana.